Buti Kabla ya Mashine

Silaha isiyo mkononi siku ya hatari ni hadithi tu. Wanyamwezi walilipa karo kubwa kulijua hilo. Mababu walitembezwa na pembe za ndovu mabegani kutoka Tabora hadi pwani. Akaja Mjerumani na kiboko, akaja Mwingereza na kodi. Kila mmoja aliwakuta mikono mitupu.

Mwaka 1976, katika kijiji kimoja cha ujamaa wilayani Nzega, pamba ilikubali. Siwema, mjane mwenye viganja vigumu kama gome kwa kutwanga, alikuwa ameahidiwa, kama wanawake wote wa kijiji, mashine ya kusaga kwa fedha za pamba hiyo. Mkutanoni, mwenyekiti Ngollo akatangaza kuwa serikali imetoa bunduki nne, hivyo fedha za pamba zitanunua kwanza buti, sare na chakula cha mgambo.

"Mwenyekiti, mtama tutausaga kwa buti?" Siwema alifoka, watu wakaangua kicheko. "Askari si wapo Nzega?"

"Nzega ni mwendo wa siku nzima, Mama Paskazia. Nyoka atakungoja?"

Siwema alinuna kama mbuzi aliyenyeshewa. Uchungu ulizidi pale Paskazia, bintiye wa pekee, alipojiandikisha mgambo.

Asubuhi moja ya kiangazi mwano ulilia upande wa mtoni. Huo ni ukelele wa wizi wa ng'ombe. Kwa desturi, hakuna mtu mzima anayeusikia akabaki nyumbani. Wanaume wakatimka. Siwema akanyakua mchi, akamkuta bintiye na wenzake wanane wamesimama tuli kando ya zizi la kijiji.

"Paskazia! Mwano unalia, nawe umeota mizizi? Waoga wakubwa!"

"Mama, tumefunzwa. Kelele ziko kule, ng'ombe wako hapa."

Hata hakumaliza. Wezi walichomoza nyuma ya zizi, pinde mikononi. Mwano ule waliupiga wenzao, wakijua desturi italiacha zizi bila mlinzi. Bunduki zikanguruma hewani. Wezi wakatawanyika kama kwale. Maksai wote, ambao ndio waliovuta majembe ya kijiji, wakasalimika. Siwema akaketi chini, mchi mapajani, akamtazama bintiye kana kwamba ndiyo kwanza amzae.

Miaka miwili baadaye adui alivuka mpaka kule Kagera. Lori la kuwapeleka mgambo vitani lilipofika, Paskazia alipanda, buti zimekazwa. Nyuma yake akaja Siwema akimswaga ng'ombe wake mmoja tu wa kuchangia jeshi, gunia la michembe, vile viazi vikavu vya safari, kichwani.

"Na mashine, mama?" Ngollo akamtania.

"Itasaga mtama wa nani, nchi ikiwa si yetu? Pakia!"

Akarudi kwenye kinu chake, akatwanga kwa nguvu mpaka kishindo kikasikika barabarani. Wahenga hawakukosea: fimbo ya mbali haiui nyoka.