Kwikwi ya Chiriku

Paukwa!

—Pakawa!

Mbona Pakawa yenyewe imenyong'onyea, haijala? Paukwa!

—PAKAWAAA!

Haya. Hapo zamani za kale, wino wa muhuri wa kwanza ukiwa haujakauka, alikuwapo Chiriku, mama wa makinda watatu. Makinda wale, maringo hayo! Hawafungui midomo mpaka mama yao awaimbie. Basi Chiriku akawatungia wimbo, akauimba kila mlo:

Twanga, twanga, mtama mweupe,
Twanga, twanga, jua limepanda,
Twanga, twanga, watoto wa—kwi!—le.

—Hiyo kwi ni nini, Shangazi?

Tulia, Mshamu. Kwi ina siku yake.

Asubuhi moja Chiriku anarudi na mtama, akausikia wimbo wake ukitoka juu ya mkwaju. Kunguru! Kifua mbele, anaimba, wanyama wanampigia makofi.

"Kaka Kunguru, huo wimbo wangu."

"Wako? Umeandikwa jina? Mimi nimeurithi kwa babu. Kama unabisha, nenda barazani."

Chiriku akaenda Baraza la Nyimbo. Mwenyekiti alikuwa Kiboko, aliyeamua kila jambo akiwa ndani ya maji ili asiharakishwe. Chiriku akajaza fomu tatu. Kiboko akazigonga muhuri, na muhuri wake ulikuwa wayo. Chubwi! Fomu hazikuonekana tena. Akajaza nyingine tatu.

"Mpaka hukumu, hakuna kuimba!" akanguruma Kiboko. "Na atakayeshindwa, haimbi wimbo huo maisha! Waiteni wataalamu!"

Chiriku akapigapiga mbawa. Mpaka hukumu? Makinda hawajatia kitu tumboni tangu jana!

Kizimba cha baraza kilikuwa kinu kikuukuu, kimepinduliwa kifudifudi. Akapanda mtaalamu wa kwanza, Kasuku, shavu limejaa njugu za Kunguru.

"Mtaalamu, wimbo ni wa nani?" akauliza Kiboko.

"Wa Kunguru," akasema Kunguru.

"Wa Kunguru," akasema Kasuku.

"Una hakika?"

"Ana hakika," akasema Kunguru.

"Ana hakika," akasema Kasuku.

—Mwongo huyo! Mtoeni!

Hakutolewa. Kiboko akagonga muhuri, chubwi! Chiriku akaruka mbio hadi kiotani. Makinda, midomo imefungwa ndi. Akarudi.

Akapanda mtaalamu wa pili, Kinyonga. Jicho moja kwa Chiriku, jicho moja kwa Kunguru.

"Kwa jicho hili, nyimbo zinafanana. Kwa jicho hili, hazifanani."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo, Mheshimiwa, inategemea."

Mpaka amalize kusema "inategemea" alikuwa amebadilika rangi mara nne. Akakabidhi ripoti ya majani tisini ya mgomba. Kiboko akaipima kwa mkono, akaridhika kabisa. Chubwi! Chiriku akaruka mbio hadi kiotani. Makinda, midomo ndi, na mdogo wao hata kichwa hainui. Akarudi analia.

"Kama hakuna mtaalamu mwingine," akasema Kiboko, "nahukumu kwamba—"

"Nigeuzeni!"

Kinyonga akaporomoka. Kizimba kimesema! Wakakigeuza, na huyo hapo Bibi Kinu, mdomo wazi, jino hata moja hana.

"Elimu yako?" akauliza Kiboko.

"Nimetwangiwa miaka arobaini, mwanangu. Wimbo gani wa kutwanga haujapita mdomoni humu? Na leo mmenikanyaga tangu asubuhi, nimesikia yote."

Kiboko akainua wayo, asijue agonge wapi.

"Twanga-twanga," akasema Bibi Kinu, "si ya Chiriku."

Chiriku akanywea.

"Wala si ya Kunguru. Ni ya mchi, kila atwangaye anayo. Lakini hiyo kwi! Hiyo sijapata kuisikia kwa mtu. Kunguru, mjukuu wangu, kwi ni nini?"

"Ni pambo, Bibi. La babu."

"Haya, imba bila pambo."

"Watoto wa—kwi!" Akakohoa. "Watoto wa—kwi!" Akafumba macho. "Watoto wa—kwi! Kwi!"

—Kwi! Kwi! Kwi!

Ndivyo baraza zima lilivyocheka, hivyo hivyo.

"Na wewe, mama?"

"Siku ninautunga nilipaliwa na punje ya mtama," akasema Chiriku, "nikashikwa na kwikwi. Wanangu wakacheka, na midomo ikafunguka. Nikaiacha hapo hapo."

Akaimba bila kwi, laini kama tui. Akaimba kwi ikiwa mwanzo. Akaimba na kwi tatu.

"Baraza linaruhusu kwi kwa uchunguzi tu!" akaonya Kiboko.

"Mwenye kanzu," akasema Bibi Kinu, "anajua kiraka kinafunika nini. Mwizi hudhani ni nakshi."

"Wimbo ni wa Chiriku!" akahukumu Kiboko. "Twanga-twanga ni ya wote! Mshindi ajaze fomu tatu—"

Mshindi gani? Chiriku kesharuka, yuko kiotani, anaimba: Twanga, twanga, watoto wa...

—KWI!

...le! Na midomo mitatu ikafunguka, paa!

Basi wanangu, ukitaka kumjua mtaalamu, usipime ripoti yake. Uliza amesikiliza nini. Na anayeiba wimbo huuiba pamoja na kwikwi ya mwenyewe. Hadithi yangu imeishia hapo. Atakayeisimulia kesho aseme kaitoa kwa Shangazi, la sivyo atashikwa na...

—KWI!