Njia Iliyookoa Dizeli

Wapendwa, dereva huyu simtaji jina, maana madereva mko wengi humu kanisani na sitaki watu waanze kugeuza shingo.

Alikuwa akiendesha lori la saruji. Binti yake mdogo alikuwa na pumu, na moshi wa mjini ulikuwa ukimtesa mno. Basi akampeleka kwa mama yake mzazi kijijini, na huko mtoto akapata nafuu hata akaanza kukimbia na wenzake.

Siku moja ramani ya simu ikamwonyesha dereva njia nyingine: acha lami, kata kupitia kijiji kile kile, utaokoa dizeli. Akajaribu. Kweli, mafuta yalibaki mengi, tena akapata nafasi ya kusimama kumsalimia mwanawe. Nani kati yenu asingefurahi? Na hakuwa mchoyo. Akawatumia wenzake ujumbe wa sauti kwenye kundi la madereva: "Jamani, mnazunguka na lami kama mnalipwa kwa kuzunguka! Piteni huku. Mafuta mtaokoa, na moshi tutapunguza. Hata Mungu atafurahi."

Wakamshukuru. Bosi akamsifu mbele ya wote. Na tuseme ukweli, hakukosea: kila lori lilichoma mafuta kidogo kuliko zamani.

Haikuchukua muda, mama yake akapiga simu. "Mwanangu, njoo umchukue mtoto. Kifua kimembana, hapumui vizuri."

"Kimembana vipi, mama, na huko hewa ni safi?"

"Ilikuwa safi. Sasa malori yanapita mlangoni tangu alfajiri. Vumbi na moshi mpaka kwenye sufuria. Sijui nani kawaonyesha njia hii, Mungu amsamehe."

Dereva akarudi kwenye kundi kuwabembeleza wenzake warudi kwenye lami. Mmoja akamjibu, "Kaka, turudi kwa nini? Si wewe uliyesema hata Mungu anafurahi?"

Sasa sisi. Nawaambia bila kumumunya maneno: kubana mafuta ni vizuri, na hewa ya Mungu lazima tuitunze. Anayeweza kubana, abane! Lakini moshi tunaouondoa barabara moja, tunaupeleka mlangoni kwa nani? Ni mara ngapi tumeshangilia njia fupi bila kumuuliza anayeishi kando yake?

Baba yule ananiumiza moyo. Alijua nani anaishi pale. Alimpenda kuliko dizeli yote ya dunia, akasimama akamsalimia, na bado hakumfikiria alipowaita wenzake. Je, mimi na wewe, ambao tunapita kwa mtoto wa mtu tusiyemjua hata jina, tutamkumbuka saa ngapi?

Kesho mkiwasha magari, jiulizeni kwanza huko mnakokata kuna watoto wa nani. Na ikibidi kuzunguka, zungukeni. Mafuta hayo hayajapotea.