Namkunda na Daraja la Gogo

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, moto umeshika. Mwenye mtoto na ampakate, kwa maana hadithi hii ni ya mtoto.

Hapo zamani za kale, watu na ndege walipokuwa wakisemezana, alikuwako mkulima jina lake Mfinanga. Mkewe alikuwa amefariki. Aliishi bondeni na mama yake mzee asiyeweza kutembea, na bintiye Namkunda, wa miaka mitano. Kila masika mto ulifurika, nao wakakimbilia mlimani kwa kuvuka gogo lililolazwa juu ya maji. Mfinanga alimvusha mama yake kwanza, kisha akarudi kumchukua mtoto. Mwaka mmoja maji yalipanda upesi, nusura asimwahi.

"Masika yajayo lazima avuke mwenyewe," akasema moyoni.

Akampeleka mtoni. "Vuka," akamwambia. Namkunda akatazama maji, akarudi nyuma. "Vuka, mwanangu." Akakaa chini. "Vuka, nimesema." Akalia. Siku tatu ikawa hivyo hivyo.

Kwale alikuwa akipita majanini na vifaranga wake. Akasimama, akasema, "Mfinanga, umempa mtoto neno moja, lakini ndani yake mna kazi nyingi. Kusimama juu ya gogo ni kazi. Kutembea juu yake ni kazi. Kuyaona maji na kuendelea kutembea, hiyo nayo ni kazi. Umemtwisha zote kwa pamoja."

"Nifanyeje basi, mama Kwale? Mvua zi karibu."

"Mpe moja. Akiiweza, mpe nyingine."

Mfinanga akakata gogo, akalilaza uani. "Simama hapa, mwanangu. Leo ni hilo tu." Namkunda akasimama, akacheka.

Alipozoea, baba akamwambia, "Tembea mpaka mwisho. Leo ni hilo tu." Akaanguka, akajipangusa vumbi, akapanda tena, mpaka akafika.

Kisha gogo likalazwa juu ya mfereji wa shamba, wenye maji ya vifundoni. "Vuka mfereji. Leo ni hilo tu." Akavuka.

Mfinanga akafurahi kupita kiasi. Papo hapo akamshika mkono, akamkimbiza mtoni. Kuona mto, mtoto akamng'ang'ania mguu, akalia kama siku ya kwanza.

"Umeruka hatua," akasema Kwale. "Mrudishe mferejini."

Mfinanga akaona haya. Akachuchumaa mbele ya bintiye. "Kosa ni langu, si lako. Twende nyumbani."

Wakarudi mferejini siku nyingi. Kisha mtoni, akishikwa mikono miwili. Kisha mmoja. Kisha kidole kimoja tu.

Adhuhuri moja, mto ukanguruma. Mfinanga akambeba mama yake mgongoni, wakakimbia mpaka kwenye gogo. Maji yalikuwa yakilirukia.

"Tangulia, mwanangu. Nipo nyuma yako."

Namkunda akatazama maji, akamtazama baba yake. "Leo ni hilo tu?"

"Leo ni hilo tu."

Akapanda. Hatua, hatua, hatua, mpaka ng'ambo. Baba akafuata. Alipokanyaga nchi kavu, gogo likang'oka, likachukuliwa na maji.

Wakabaki wakilitazama likienda. Bibi akamvuta mjukuu wake kifuani. "Asante, mama. Baba yako angerudi kukuchukua, ningewapoteza nyote wawili."

Mfinanga akamtafuta Kwale mlimani, akampigia magoti. "Mama Kwale, sina cha kukulipa. Nakushukuru."

"Mimi nilisema tu," akajibu Kwale. "Aliyetembea ni yeye. Umemshukuru?"

Mfinanga hakuwa amefanya hivyo. Akarudi, akamwinua bintiye, akaishika miguu yake midogo yenye matope, mmoja mmoja, akasema, "Asante, Namkunda."

Tangu siku ile, kila mavuno Mfinanga aliacha mstari mmoja wa mtama shambani bila kuuvuna. Kwale alikuja na wanawe, wakala mpaka wakashiba.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nanyi mlionisikiliza mpaka mwisho, nawashukuru.