Miguu ya Morisi

Hapo zamani, si ile zamani ya fisi na sungura bali zamani ya karibu, petroli ilipokuwa ikivutwa kwa pampu ya mkono na gari likipita watoto wakiacha mbuzi wakalikimbilie, aliishi huko milimani juu ya Soni mtu aitwaye Mzee Shemhilu. Alikuwa na mke, watoto watatu na gari moja aina ya Morisi, la rangi ya majivu.

Morisi hiyo haikubeba kabichi wala viazi. Ilibeba maharusi.

Kwa watu wa kijiji kile, bibi harusi hakanyagi udongo siku ya harusi yake. Mama mkwe hutandika kanga mbele ya kanisa, na gari husimama mlango wake ukiwa sawasawa na upindo wa kanga. Likipitiliza, bibi harusi atashukia vumbini, na wanawake watasema vumbi hilo atalila maisha yake yote. Likisimama kwa kushtuka, shela ikatikisika, watasema ndoa itakuwa ya makelele. Mzee Shemhilu hakupitiliza kanga ya mtu, wala hakutikisa shela ya mtu.

"Kukimbia hata mbuzi anakimbia," alikuwa akisema. "Gari ni kusimama."

Na kusimama ni kazi ya pedeli. Yeye hakuziita pedeli, aliziita miguu: mguu wa klachi, mguu wa breki, mguu wa mafuta. Watu walicheka, kisha nao wakaanza kuziita hivyo hivyo.

Asubuhi moja ya ukungu mzito Mzee Shemhilu aliugua ghafla. Watu waliisikia tu Morisi ikishuka, hawakuiona. Wakasema, "Mwanamume yule! Amejiendesha mwenyewe hadi hospitali." Kitandani aliwaita wanawe wote watatu, mama yao akiwa pembeni, akawaambia, "Morisi imechoka miguu. Ni ya yule atakayeirudishia miguu yake." Hakusema zaidi. Akafa.

Morisi ikapandishwa juu ya mawe bandani, na miaka ikapita.

Sasa wajueni hao watoto. Wa kwanza ni Yafeti, dereva wa basi, mwenye sauti kubwa. Wa pili ni Salome, mkerezaji wa vyuma katika karakana ya shamba moja la mkonge kule bondeni. Wa mwisho ni Hozza, aliyebaki nyumbani na mama yao kulima maharage.

Ikawa Debora, binti wa Yafeti, anaolewa. Mama Yafeti akatangaza, "Mjukuu wangu atakwenda kanisani kwa gari la babu yake, au atakwenda kwa miguu."

"Mama, lile gari limekufa," akasema Yafeti.

"Limechoka miguu. Baba yako hakusema limekufa."

Basi kazi ikaanza. Injini haikuwa na neno; ilipotiwa betri ilikohoa, ikawaka. Lakini miguu ilikuwa imeganda. Katika Morisi, mguu wa klachi na mguu wa breki hushikwa na shafti moja fupi iliyopita ndani ya chesisi, chini ya sakafu. Juu ya mahali hapo hapo paa la banda lilikuwa linavuja. Kila masika maji yalidondoka kwenye sakafu ya gari, yakapenya, yakaila shafti. Hozza aliyaona yakidondoka. Kila masika alisema, "Nitaliziba wiki ijayo."

Yafeti akalala chali chini ya gari. Aliimwagia shafti mafuta ya taa, akaigonga, akangoja. Akaimwagia tena, akaigonga, akangoja. Kutu ilimwingia machoni, nyundo ikamponda kidole, akatukana, akaomba radhi kwa Mungu, akaendelea. Mwisho shafti ikatoka, imeliwa katikati kama muwa uliotafunwa.

Aliposafisha pedeli alikuta kila moja imefungiwa kipande cha kamfa, mbao yenye harufu kali, kwa ukanda wa mpira wa tyubu.

"Takataka gani hizi?" akasema. "Nani alilitia viraka gari la baba namna hii?" Akakata mikanda, akavitupa vibao kwenye kuni za jikoni. Mama yao alikuwa ameenda sokoni. Hozza alikuwapo, na hakusema kitu.

Salome akachukua shafti iliyoliwa, akashuka nayo bondeni. Chuma cha kukereza shafti mpya kilikuwapo. Lakini shafti huzunguka ndani ya bushi, vijibomba vya shaba vinavyoishika, na shaba haikuwapo karakana nzima, wala kwa mafundi wa mjini. Harusi ilikuwa mlangoni. Akarudi nyumbani, akaingia jikoni, akatoka na kitu ndani ya mkoba, akashuka tena. Aliporudi, bushi ziliingia mahali pake kama kidole kwenye pete. Yafeti akapaka grisi, akapanga, akakaza springi, akafunga pini. Miguu ikarudi.

Siku ya kutwanga iliki mama yao alikuta kinu chake cha shaba hakina mchi. Kinu na mchi alipewa na mama yake alipoolewa.

"Mchi wangu uko wapi?"

Salome alitazama chini. "Umo ndani ya gari, mama."

Mama Yafeti akaenda kuokota jiwe, akatwangia hilo.

Asubuhi ya harusi Yafeti alikaa mbele ya usukani na suti yake, Debora nyuma na shela yake. Mama yao akafungua mlango wa dereva.

"Shuka."

"Mama?"

"Shuka, nimesema. Baba yako alimwahidi Debora kwamba atampeleka yeye. Nani atalipa ahadi yake kama si mimi?"

"Mama, hujui kuendesha!"

"Wewe ulijuaje?"

Akapanda. Mama Yafeti ni mfupi. Alipokaa, miguu yake ilining'inia, nyayo hazigusi kitu, kama mtoto kwenye benchi la kanisa. Wapo waliocheka. Yeye akainama, akapapasa pedeli kwa mkono: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha akauliza taratibu, "Vile vibao viko wapi?"

Yafeti akajua ni vibao gani.

Hozza akaingia chumbani mwake, akatoka na kitu kilichofungwa kwenye kitambaa. Akapiga magoti, akakifunga kibao cha klachi, akakifunga cha breki, akakifunga cha mafuta. Vilikuwa bado vinanukia kamfa.

"Baba alivichonga yeye mwenyewe," akasema Hozza, bila kuwatazama ndugu zake. "Alimfundisha mama kule chini kwenye barabara ya tambarare, wakitoka kuchukua chumvi. Asubuhi ile ya ukungu, baba hakujiendesha. Mimi nilikuwa nyuma, nimempakata kichwa. Aliyekuwa mbele ni mama. Mama aliniapisha nisiseme."

Mama Yafeti akawasha gari. Morisi ikateremka, ikapinda, ikapinda tena, ikafika kanisani. Mlango ukasimama sawasawa na upindo wa kanga. Shela ya Debora haikutikisika. Wazee waliokumbuka alivyosimamisha Mzee Shemhilu walivua kofia.

Jioni, sufuria za pilau zilipokuwa zikikwanguliwa, wale watatu wakasimama mbele ya mama yao chini ya turubai.

Yafeti akasema, "Ufunguo ni wangu. Nani aliitoa shafti ile? Nani alikula kutu? Nani aliirudisha miguu mahali pake, pini kwa pini? Mikono hii. Nikipewa, nitabeba maharusi kama baba."

Salome akacheka. "Kaka, ulirudisha nini? Bila mimi ungefunga pedeli hewani. Shafti nimekereza mimi, bushi nimekereza mimi. Nikipewa, italala penye paa zima."

"Bushi za mchi wa wizi!"

"Na wewe uliyetupa miguu ya mama kwenye kuni?"

"Sikujua!"

"Ndiyo, hukujua. Hukuuliza."

Hozza akasema, "Mlitengeneza gari la mtu yeyote. Miguu ya gari hili, yenyewe, ilikuwa kwangu. Niliiokota kwenye kuni kabla haijaingia motoni. Bila mimi leo mama angening'inia pale, na Debora angekanyaga vumbi. Nikipewa, haitoki hapa, na mama atakuwa nayo."

"Sikilizeni mkulima wa maharage!" akafoka Yafeti. "Wiki ijayo, wiki ijayo! Ungeziba paa, nani angehitaji shafti? Nani angegusa mchi? Na ulipoona navitupa, ulifumba mdomo wa nini?"

"Niliapa."

"Uliapa usiseme habari za mama. Uliapa usiseme 'Kaka, usitupe'?"

Hozza akalitazama paa la banda. Salome naye alikuwa anatazama kinu kilichokuwa kando ya sufuria.

Debora, bado na shela yake, akasema, "Bibi, mbona wewe hudai? Si wewe uliyeendesha?"

"Mjukuu wangu," akajibu Mama Yafeti, "mimi sikurudisha kitu. Mimi ndiye niliyerudishiwa."

Akavua ufunguo shingoni, akautupia ndani ya kinu kisicho na mchi. Ukalia mlio mdogo wa shaba. "Nimewazaa wote," akasema. "Sitaukata mkono mmoja niupe mwingine. Atakayekuja kunieleza baba yenu alimaanisha nani, nami nikaridhika, nitampa. Kabla ya masika. Paa bado linavuja."

Mawingu yamekwisha kukaa juu ya milima. Morisi imo bandani, vibao vyake miguuni, na ufunguo umo kinuni. Yupo aliyeirudisha miguu mahali pake, akatupa ya mama yake. Yupo aliyeikereza upya, akaitoa kwenye mchi usio wake. Yupo aliyeiokoa na moto, baada ya kuiachia mvua.

Haya, ninyi mliosikiliza hadi hapa, wala msiniangalie mimi: nani aliirudishia Morisi miguu yake, na ufunguo apewe nani?