Kanzu ya Bwana Mnyoo

Paukwa, wenye matumbo!
— Pakawa, na tumeshiba!
Mmeshiba nyinyi, au kuna mwingine ameshiba ndani yenu?
— Eeh! Tuambie!

Hapo zamani za juzijuzi alikuwepo mtoto wa kike, Mwanamvua, bingwa wa rede mtaani kwao. Siku moja akaokota zambarau mchangani, hakuiosha, akaila. Kumbe imeshika yai la mnyoo, dogo lisiloonekana. Likateremka, likaanguliwa, akatoka Bwana Mnyoo. Akanenepa, akawa mrefu kama mkanda.

Ugali ukishuka: "Wangu!" Ndizi zikishuka: "Zangu!" Maharage yakishuka: "Yangu!" Nyam-nyam-nyam.

Mwanamvua akakonda, tumbo likatuna. Rede akaiacha. Akawa anakaa mlangoni akiwatazama wenzake wakikwepa mpira. Iliniuma, msiniambie haiumi.

Mle tumboni walikuwemo askari wakubwa wenye mifuko ya sumu, ila macho yao mabovu. Kila siku walimpita Mnyoo.

"Huyu nani?"

"Huyo utumbo. Twende zetu."

Alikuwemo pia Kinga, mdogo kuliko vumbi, mguu mmoja, mikono miwili. Hana meno, hana ngumi, ana maneno tu. Akamwendea Mnyoo.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba. Unataka nini, kidudu wewe?"

"Naona aibu, bwana mkubwa. Mji wote wako, nawe uko uchi! Nikushonee kanzu."

Mnyoo akajitazama. Kweli, uchi.

"Itakuwa tayari lini?"

"Kesho."

Kinga akampima. Kichwani, papasa-papasa. Kiunoni, papasa-papasa, ingawa hicho kiuno sijui alikipata wapi. Mkiani, papasa-papasa.

Kesho yake Mnyoo akaja.

"Kanzu yangu?"

"Bado mikono, bwana mkubwa."

"Mimi sina mikono!"

"Ndiyo maana inachelewa. Njoo kesho."

Kesho yake akaja tena.

"Kanzu yangu?"

"Bado kifungo kimoja. Njoo kesho."

Mafundi mnawajua. Zikapita siku kumi, Mwanamvua anazidi kukonda, na Kinga hajashona hata uzi mmoja. Alikuwa akiwaita ndugu zake na kuwafundisha vile vipimo: wewe utashika hapa, wewe pale. Wakawa mia, wakawa maelfu.

Siku ya kumi na moja Kinga akamwita mteja wake.

"Tayari, bwana mkubwa. Njoo ujaribu."

Wakamrukia wote. Nata! Nata! Nata! Wakamfunika kuanzia kichwani hadi mkiani.

"Inabana!"

"Ndiyo mtindo wa sasa, bwana mkubwa."

Askari wakapita.

"Huyu nani?"

"Huyo utumbo. Twende..."

"Ngoja kwanza. Utumbo gani umevaa kanzu?"

Paa! Paa! Mifuko ya sumu ikapasuka. Tumbo likanguruma, gurururu! Mnyoo akalia, "Nivueni! Nivueni jamani!" Nani amvue? Akateremka safari isiyo na heshima hata kidogo, mpaka chooni. Chubwi!

"Mnaona?" Mama Mwanamvua akawaambia majirani. "Uji wangu wa ulezi huo!"

Kinga akavikunja vile vipimo, akaviweka.

Mwanamvua akanawiri, akarudi kwenye rede, na hakuna mpira uliompata. Lakini mtoto ni mtoto. Zambarau zilipoanguka tena akaokota nyingine, hakuiosha, akaila. Akaingia mdogo wake Mnyoo, kifua mbele.

"Kila kitu changu!"

Mlangoni mwa tumbo alisimama Kinga na ndugu zake.

"Karibu, bwana mkubwa. Safari hii hakuna kesho. Vipimo vya ukoo wenu ninavyo."

Chubwi!

Funzo, enyi watoto: ukikaa kwenye tumbo la watu, kaa uchi. Na fundi akikwambia "njoo kesho", usimgombeze. Mshukuru Mungu kwamba bado unaishi.

Hadithi yangu imeishia chooni. Mimi nimekwisha nawa mikono, je, nyinyi?
— Tunakwenda!