Hadithi Moja, Wenyewe Watatu

Hapo zamani, si ile ya wanyama kusema, bali zamani ya juzijuzi ambapo barua zilikuwa zikifika na taipu zilikuwa zikilia, palikuwa na mji ukiitwa Ilumbo. Ilumbo ilikuwa na Mtemi Kasanda, na Mtemi Kasanda alikuwa na mwavuli wa kijani. Mvua isinyeshe, jua lisiwake, mwavuli ulikuwa juu tu. Watu wakiuona unatokea kwa mbali, mazungumzo yalikatika. Basi mjue tangu mwanzo kwamba Ilumbo watu walikuwa wakiogopa.

Katika mji huo aliishi Nyamizi, binti wa mzee Mabula. Siku moja mzee Mabula alikwenda kwa Mtemi kuuliza kwa nini ua wa minyaa uliotenganisha mashamba yao ulikuwa unasogea. Askari wawili wakamvusha mto kwa mtumbwi. Askari walirudi, mzee Mabula hakurudi. Mama yake Nyamizi alimkataza binti yake hata kulia nje ya nyumba.

Asiyeweza kuuliza atafanya nini? Nyamizi akaandika. Aliandika hadithi fupi ya mzee mmoja asiye na jina wala mji, aliyekuwa akisogeza ua wa jirani yake mjane, hatua moja kila msimu, mpaka asubuhi moja mjane akaamka kitanda chake kiko ndani ya shamba la mzee. Ilikuwa hadithi nzuri. Lakini alipofika mwisho aliuona mto, akawaona askari wawili. Akaongeza kipande cha kujikinga: mzee akajuta, akarudisha ardhi, mjane akamsamehe, wakala ugali pamoja. Kipande hicho mwenyewe hakukiamini hata kidogo.

Kisha akaitafutia pa kutokea. Gazeti la kwanza lilimjibu kuwa hadithi ni ndefu. La pili lilimjibu kuwa wanawake waandike mapishi. La tatu halikujibu mpaka leo. Likabaki gazeti dogo la palepale Ilumbo, lililotoka mara moja kwa mwezi, la Bwana Lugendo. Naye Bwana Lugendo alikuwa na masharti mawili: hadithi ije imepigwa taipu, na isizidi ukurasa mmoja.

Taipu Ilumbo ilikuwa moja, ya Shija, aliyekaa barazani pa posta akiwapigia watu barua. Shija alikuwa na ugonjwa wa kutia mkono katika kila alichopiga. Barua ya posa ikitoka kwake ilikuwa imekwisha ongezewa mapenzi. Akaisoma hadithi ya Nyamizi, akaona ni nzuri ila imepooza, maana mzee hana sura. Akainua macho, mwavuli wa kijani ulikuwa unapita barabarani, vidole vikapiga. Mzee wa hadithi akapata mwavuli wa kijani. Shija hakufikiri zaidi ya hapo, na hilo ndilo la kumlilia.

Ikafika kwa Lugendo. Ukurasa ulijaa, na mistari kumi ikabaki nje. Lugendo hakuwa mtu wa kubembeleza mistari. Akakata kutoka chini, kama alivyozikata hadithi zote. Vilivyokatwa ni majuto, msamaha na ugali. Jina la mwandishi lilikuwa chini kabisa, nalo likaenda na mistari hiyo.

Nyamizi alipolifungua gazeti aliuona mwavuli, akaziba mdomo kwa kiganja. Akateremka mpaka mwisho: mjane ameketi kitandani, na mzee amesimama juu yake anamwambia ahamishe kitanda. Basi, ikaishia hapo. Hofu ilimshika, akalikunja gazeti upesi. Lakini nitawaambia jambo ambalo hakumwambia mtu. Chini ya hofu ile alifurahi. Hiyo ndiyo hadithi aliyotaka kuiandika akashindwa.

Ilumbo ikasoma. Ikasoma kisimani, ikasoma kilabuni, ikacheka huku inatazama nyuma. Kwa siku tatu hadithi ilisifiwa, na kwa siku tatu ilikuwa na wenyewe. Shija alisema ni yake, maana bila mwavuli ilikuwa uji bila chumvi. Lugendo alisema ni yake, maana ndiye aliyeipa mwisho. Hata Nyamizi ulimi ulimponyoka: aliwaambia wanawake wawili kisimani kuwa ni yake. Aliporudi nyumbani na ndoo alijua amekosea, lakini neno lilikwisha toka.

Siku ya nne wakaitwa barazani kwa Mtemi wote watatu. Waliokuja kuwachukua ni askari wawili, walewale wa mtumbwi.

Mtemi alikuwa ameketi chini ya mwavuli wake, gazeti magotini. Hakuwa na hasira usoni, na hilo liliwatisha watu kuliko hasira.

"Nasikia hadithi hii ina wenyewe watatu," akasema polepole. "Mtumbwi wangu una nafasi ya mmoja. Mwenyewe asimame. Kivuli cha mwavuli huu kikiondoka kwenye kidole cha mguu wangu, na hajasimama mtu, mtumbwi utakwenda mara tatu."

Watu wakatazama kidole cha Mtemi. Jua lilikuwa linakuja.

"Mtemi," akasema Shija, jasho likimtiririka, "mimi ni mpiga taipu. Hadithi ilinijia na mzee wake na ua wake. Niliongeza mwavuli tu. Mwavuli hausogezi mpaka wa mtu."

"Mimi sikuongeza hata neno, Mtemi," akasema Lugendo. "Nilipunguza. Mtu atakuwaje mwenye kitu kwa kukipunguza?"

Ikabaki zamu ya Nyamizi. Katika pindo la kanga alikuwa amefunga karatasi yake ya kwanza, mwandiko wa mkono wake. Humo mzee hana mwavuli, na mwishoni amesamehewa. Akiitoa, atarudi nyumbani, na mtumbwi utamchukua Shija au Lugendo, watu ambao hawakumtakia Mtemi baya lolote. Akiitoa, atakuwa amesema mbele ya mji mzima kwamba yaliyompata baba yake yamesamehewa. Asipoitoa, mtumbwi ni wake, na nyuma yake ameketi mama, naye hana mtoto mwingine.

"Binti Mabula," akaita Mtemi. "Ulipokuwa unaandika, ulikuwa unamfikiria nani?"

 Mkono wa Nyamizi ukalishika pindo.

Haya, nyinyi mliokaa mkinisikiliza, msinikimbie sasa. Nyamizi alimkusudia Mtemi, lakini alimficha na akamsamehe. Shija hakumkusudia, lakini ndiye aliyefanya ajulikane. Lugendo hakuandika neno, lakini ndiye aliyeutupa msamaha. Na siku tatu za sifa, wote watatu walisema ni yangu. Jua limefika kwenye ukucha, mtumbwi uko ukingoni, na fundo la kanga linaanza kulegea. Je, nani alistahili kusimama?