Fisi na Tepe Nyekundu

Mvua ilipoinyima mbuga ya Ngolewa masika mawili mfululizo, wenye mabawa waliruka, wenye miguu mirefu wakahama, na Mganga Kobe naye akaenda zake ziwani. Msimcheke. Kobe alijijua, kwa hiyo alianza safari majani yakiwa bado mabichi, akafika kabla ya wengi waliomcheka njiani. Waliobaki mbugani walibaki na kiu, tena bila mganga.

Simba, mfalme wao, hakukubali kusemwa kwamba nchi yake haina mganga. "Nitawaletea mtandao!" alinguruma. Waya ukavutwa kutoka ziwani hadi mbugani, na mwisho wake ukafungwa mkono wa chuma. Kobe akiinua mkono wake kule ziwani, mkono wa chuma huku nao unainuka, akifinya, unafinya. Kando yake pakawekwa kioo cha kuonana na kuzungumza. Sungura, mjanja wa kufungua kila kilichofungwa, akapewa kulinda lango lililopitisha mizigo yote ya mtandao.

"Kasi yake haina mfano duniani!" Simba alitangaza. Hakuwa ameujaribu. Wafalme hawajaribu vitu, huvitangaza.

Wa kwanza kufika alikuwa Bi Digidigi, na mwanawe aliyechomwa na mwiba pembeni mwa mboni ya jicho.

"Mganga wangu, mtoto anapofuka huku namtazama," alisema.

Kobe akainua mkono. Mkono wa chuma ukatulia, ukazidi kutulia, kisha ukaruka ghafla na kuzikosa kope za mtoto chupuchupu. Kobe akaurudisha nyuma.

"Jicho hili siligusi," alisema. "Mimi ni mpole wa mwendo, lakini siku zote mkono wangu na jicho langu hufika pamoja. Leo naona mambo yaliyokwisha kupita, na mkono unanifuata ukitaka."

Kumbe njia ilikuwa imejaa. Tangu waya ufike, Fisi alikuwa akivuta video za karamu kutoka kila pembe ya dunia: mbuzi wa kuchoma, supu ya makongoro, ngamia mzima akigeuzwa juu ya moto. Hakuwa na nafasi ya kuzitazama zote. Alikuwa akizirundika tu.

Simba alipopelekewa malalamiko alitoa jibu, maana alikuwa nalo moja. "Ongezeni upana!" Waya ukanenepeshwa. Fisi alipoona kuna nafasi, akaongeza na ng'ombe. Mkono ukaendelea kurukaruka.

Ndipo Sungura akaenda mbele ya mfalme. "Mtukufu, shida si upana. Kila mzigo una haja yake. Nyama ya Fisi ni nyingi, lakini hata ikifika jioni ni nyama ileile. Kasuku aliyebaki huku akiongea na dada yake aliyeruka, maneno ni machache, ila yakija vipandevipande hayana maana. Mkono wa Mganga nao hauhitaji njia pana. Unachohitaji ni kutongojeshwa hata kidogo, na kila hatua ifike kwa mpango iliotoka nao. Wasioweza kungoja tuwafungie utepe mwekundu, wapite kwanza."

"Na nani ataamua asiyeweza kungoja?"

"Mimi niliye langoni, Mtukufu, naweza..."

"Wewe? Sungura awaamulie raia wangu?" Simba akatikisa manyoya ya shingo. "Kila mmoja atajiamulia! Na utepe ukishafungwa, haufunguliwi ila kwa kauli ya aliyeufunga. Nimesema."

Kabla mngurumo haujatulia, Fisi alikuwa ameshawafunga utepe mbuzi, makongoro na ngamia.

"Bwana Fisi, na huyu ngamia hawezi kungoja?" Sungura aliuliza.

"Wewe umewahi kuwa na njaa kama yangu?"

Jicho la mtoto likavimba mpaka likafumba. Kobe akasema mwiba ukilala humo hadi kesho, jicho basi. Bi Digidigi akaenda kumpigia Fisi magoti.

"Bwana Fisi, nakuomba, zisimamishe kidogo tu mwanangu atolewe mwiba."

"Nizisimamishe, ngamia aniponyoke?" Fisi alijibu bila kuondoa macho kwenye karamu yake. "Pole sana, mama. Kila mtu na dharura yake." Akasema hivyo kwa mama mwenye mtoto mgonjwa mgongoni, wala hakuona haya.

Huku akitazama, alikuwa akiguguna mfupa wa tangu mwaka juzi, kwani nyama yenyewe hakuwa nayo. Mfupa ukalia ka! Haukuwa mfupa uliovunjika, lilikuwa gego lake bovu. Fisi akakimbia hadi kwenye mkono wa chuma, akamsukuma Bi Digidigi kando, akalala chali. "Dharura! Dharura!"

Ujanja wa Sungura siku ile ulikuwa kuuliza swali moja kwa wakati wake. "Bwana Fisi, nizizuie karamu zako kwanza?"

"Acha zije! Nikitoka hapa nizikute zimefika."

"Jicho sijaribu," Kobe alisema kutoka kwenye kioo. "Jino, kwa kuwa unalazimisha, nitajaribu."

Kobe akavuta. Kwenye kioo hakuona kitu kikisogea. Akavuta tena, kimya. Akavuta tena. Amri zake zote zilikuwa njiani, zimebanwa kati ya mbuzi na makongoro, na upenyo ulipopatikana zikafika kwa mkupuo. Mkono wa chuma ukang'oa gego zima, ukang'oa jirani yake, ukang'oa na la upande wa pili, kisha ukashika chonge, ukangoja amri nyingine. Jino bovu likabaki mahali pake.

"Basi, Mganga! Basi!" Fisi alilia. Lakini kule ziwani Kobe alimwona bado ametulia, kinywa wazi, mgonjwa mwenye adabu. Kilio kilikuwa kwenye foleni, nyuma ya ngamia.

"Sungura, mwambie aache!"

"Kwa njia gani, Bwana Fisi? Njia ni hii moja, nayo imejaa dharura zako."

"Zifungue tepe!"

"Zote?"

"Zote!"

"Na wa ngamia?"

Fisi akanyamaza. Naapa, chonge likiwa mkononi mwa chuma, bado alinyamaza akafikiri. Mkono ukavuta kidogo.

"Na wa ngamia!"

Sungura akafungua, karamu zikakaa kando, na mizigo ya Mganga peke yake ikabaki na utepe. Njia ikawa nyeupe, kilio kikafika, na Kobe akaachia papo hapo. Bi Digidigi alikuwa ameshamlaza mwanawe. Mkono wa chuma ukashuka taratibu, ukaushika mwiba, ukautoa. Mtoto akafumbua jicho, akamwona mama yake, na mama akalia kwa furaha bila kujificha.

"Kasi!" Simba alitangaza kwa mbali.

"Mganga," Fisi aliita huku akishika shavu, "na jino bovu je?"

"Hilo linaweza kungoja," Kobe alijibu.

Jioni ngamia naye akafika, mzima, amenona, bila utepe. Fisi akaketi mbele yake akimtazama, hana hata gego zima la kugugunia mfupa wake mkavu. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.